Mashine ikishazoea kichwa chako, ni nani wa kuing'oa?

Kila chipu ya ubongo ikitajwa kwenye habari, mazungumzo ya huku kwetu yanaishia pale pale. Ati watasoma mawazo. Ati wataanza kutuamulia. Tangu Januari 2024, Neuralink, kampuni ya Elon Musk, ilipompandikizia mtu wa kwanza chipu kichwani, yule kijana wa Arizona Noland Arbaugh aliyepooza kwa ajali ya majini, nimeisikia hiyo stori barazani, nimeisikia kwenye matatu, na kwenye grupu la familia ndio usiseme, kuna shangazi yetu mmoja hakuna video ya mwisho wa dunia inayompita bila kuituma. Sina ugomvi na shangazi. Woga wake una msingi, ila naona anamuogopa asiyekuwepo na waliopo wanampita mlangoni.

Manake hebu tuangalie hiyo ya kusoma mawazo imefika wapi. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas pale Austin walitoa programu inayokisia maana ya hadithi ambayo mtu anaisikiliza akiwa ndani ya mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili. Magazeti yakapiga kelele. Lakini ukisoma walichofanya, kila mtu alilazwa kwenye lile dubwana kwa jumla ya masaa 16 ili programu imzoee yeye peke yake, ukichukua iliyozoea ubongo wa huyu ukaiweka kwa yule haitoi kitu cha maana, na mwenyewe akiamua tu kuhesabu namba kichwani au kuwaza majina ya wanyama basi inapotea njia kabisa. Kwa hivyo hao wezi wa mawazo bado wako mbali. Walioshafika ni watu wa kawaida kabisa, wenye mikataba, wenye wawekezaji, wenye ofisi inayoweza kufungwa Ijumaa jioni, na hao ndio nataka tuwaongelee leo.

Mi haya mambo nilianza kuyafuata kwa sababu ya kifafa. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anaanguka tangu ana miaka sita, na mtu mwenye mgonjwa wa kifafa nyumbani atakwambia kinachochosha zaidi ni kule kutojua lini. Unaweza kukaa wiki tatu salama ukaanza kujisahau, halafu siku moja yuko jikoni na sufuria ya mafuta. Sasa katika kusoma soma usiku ndio nikakutana na habari za kampuni moja ya Seattle ilikuwa ikiitwa NeuroVista.

Hawa jamaa walitengeneza kifaa cha kumuonya mgonjwa kabla hajaanguka. Elektrodi, yaani vidude vya umeme, zinalazwa juu ya ubongo, waya inapita chini ya ngozi mpaka kifuani, pale kifuani kuna kijisanduku kinachorusha taarifa kwa kirimoti anachotembea nacho mgonjwa, na hicho kina taa. Bluu, endelea na shughuli zako. Nyeupe, kuwa macho. Nyekundu, hatari iko karibu, kaa chini, meza dawa, ondoka jikoni. Majaribio yalianza Melbourne, Australia mwaka 2010, watu 15 ambao dawa zimewashinda. Si wote kifaa kiliwafaa, matokeo yalitofautiana sana. Lakini kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa na kifafa tangu utotoni, na kwake kile kitu kilifanya kazi vizuri mno. Akawa anatoka nyumbani bila hofu. Alisema yeye na kifaa walikuwa kitu kimoja.

Mwaka 2013 kampuni ikaishiwa pesa. Basi. Hakuna aliyekufa, hakuna kashfa, ni biashara tu imefungwa kama biashara zinavyofungwa. Washiriki wakatakiwa warudi kutolewa vifaa. Yule mama akakataa. Yeye na mumewe wakajaribu kukinunua, mpaka wakafikiria kuweka nyumba rehani, ikashindikana, akawa wa mwisho kutolewa. Na baada ya kutolewa alilia miaka, anasema hajawahi tena kujisikia salama namna ile. Frederic Gilbert, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Tasmania, amemhoji huyu mama kwa muda mrefu, na yeye na wenzake wakauliza swali ambalo mi naona ndio lenyewe hasa: kama kifaa kimeshakuwa sehemu ya mtu alivyo, kumng'olea kwa sababu hesabu za benki hazijakaa sawa, si ni kumvunjia haki yake kama binadamu?

Upande wa pili ni wale ambao hawakung'olewa chochote ila wameachwa nacho. Second Sight ya California iliuza jicho la umeme, Argus II, kwa watu walioishiwa nuru ya macho. Elektrodi 60 kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho, kamera kwenye miwani, unaona vimulimuli vya mwanga, unajua mlango uko wapi, mtu amesimama wapi. Ulaya waliiruhusu 2011, Marekani 2013, bei ya kifaa peke yake kama dola 150,000, watu zaidi ya 350 duniani wakawekewa. 2019 kampuni ikaacha kuitengeneza. Machi 2020 ikawaachisha kazi karibu wafanyakazi wote, na wateja wengi hata hawakuambiwa waziwazi. Mwandishi wa gazeti la mainjinia wa Marekani alipoifukua hiyo habari 2022, akakuta mama mmoja wa New York ambaye yake ilishazima zamani, alikuwa anabadilisha treni stesheni ya chini ya ardhi saa za msongamano, akasikia bip, bip, bip, halafu giza. Haikuwaka tena. Chuma kilikuwa bado kiko ndani ya jicho, kukitoa ni upasuaji na kukiacha nako kuna wasiwasi wake, mfano akitaka MRI daktari anataka kujua kifaa ni cha aina gani na wa kumpigia simu ofisi haipo.

Hata pale mambo yanapoenda vizuri utaona mgonjwa hana usukani. Wiki chache baada ya upasuaji wa Arbaugh, nyuzi zilizochomekwa kwenye ubongo wake, ziko 64 na nyembamba kuliko unywele, nyingi zikaanza kuchomoka zenyewe, karibu asilimia 85. Mainjinia wakarekebisha programu, mambo yakarudi, na mwenyewe anaendelea kucheza gemu na kufurahi na mi namfurahia. Lakini fikiria kama ingekuwa mwaka ambao kampuni inafungwa.

Nikamsimulia mpwa wangu hii ya Melbourne. Ana miaka 17 sasa, mjuaji, simu haitoki mkononi. Nilidhani atashtuka. Akaniuliza, "Mjomba, hiyo ya taa inauzwa wapi?" Nikamwambia haiuzwi, nimekwambia waliitoa. Akasema hata kama, angeichukua. Mwaka mmoja tu wa kuoga peke yake na mlango umefungwa, halafu wakitaka waje waing'oe. Mama yake akanyamaza, na mi nikakosa la kusema, manake haya maswali yetu ya maadili ni rahisi sana kwa mtu ambaye akioga anafunga komeo.

Sasa nije kwenye kile ambacho huku kwetu tayari kipo. Chipu hatuna, lakini EEG tunapimwa. Kwa asiyejua, ni kipimo cha umeme wa ubongo, hakiumi, na kwa kifafa ni cha kawaida. Mara ya mwisho mpwa wangu aliambiwa asilale usiku ule, au alale kidogo sana, kwa hivyo sisi sote hatukulala, tulikesha tunacheza karata. Nywele zilikuwa zimesukwa, ikabidi zifumuliwe zote na zioshwe bila mafuta, na hapo kulikuwa na kilio kuliko cha sindano. Asubuhi teknishani, kijana mpole tu, akawa anampasulia nywele kwa kijiti, anasugua ngozi na ule ujiuji wenye chenga chenga kama mchanga, anabandika kidude, anaenda kingine, waya kama ishirini za rangi rangi. Fumba macho. Fumbua. Pumua kwa nguvu dakika tatu. Halafu ile taa inayomulika na kuzima mbele ya uso. Mi nilikuwa naangalia skrini. Mistari inatambaa, mpwa wangu akipepesa macho mistari ya mbele yote inaruka pamoja, akikaza meno inakuwa minene myeusi, kijana wa watu anamwambia legeza taya, legeza, haya, vizuri. Ule ulikuwa ni ubongo wa mtoto niliyembeba mgongoni, unajichora.

Kabla ya hapo dada alikuwa ameshapewa fomu. Kurasa tatu, Kiingereza, saa moja asubuhi, mtu amekesha. Ukurasa wa pili kuna mstari unaosema rekodi inaweza kutumika kwa mafunzo na utafiti, hakuna mahali pa kuweka alama ya ndio au hapana, ukisaini umesaini yote. Dada akasaini. Angefanyaje, arudi nyumbani na mtoto aliyefumuliwa nywele?

Miezi kadhaa baadaye tukapata daktari mwingine, akaomba aione rekodi yenyewe, si ile karatasi ya majibu. Tukarudi kuomba. Kwanza ati haipo. Halafu ipo lakini haitolewi. Halafu inatolewa kwa ada. Tukalipa, tukapewa CD, na ile faili haifunguki ila kwa programu ya kampuni iliyotengeneza ile mashine, ambayo daktari wetu hana. Sitaji ni hospitali gani, na kusema kweli sidhani ni wabaya kuliko wengine, ndio utaratibu ulivyo. Mtafiti wa mbali huko anaweza kuwa nayo na mgonjwa mwenyewe hana.

Nilifikiri hayo ni shida za kimaskini mpaka niliposoma ya Chile. Chile ndio nchi ya kwanza duniani kuingiza ulinzi wa shughuli za ubongo kwenye katiba yake, mwaka 2021, wakisukumwa na seneta mmoja, Guido Girardi, pamoja na Rafael Yuste, mtaalamu wa ubongo wa Chuo Kikuu cha Columbia ambaye amekuwa akizunguka dunia akihubiri haki za neva, yaani haki za mtu juu ya ubongo wake. Sasa Girardi mwenyewe akanunua kile kibandiko cha kuvaa kichwani kinachouzwa na kampuni ya Emotiv, kinapima mawimbi ya ubongo ukiwa nyumbani. Akafungua akaunti ya bure. Kumbe kwenye akaunti ya bure rekodi za ubongo wako zinahifadhiwa kwenye seva za kampuni na wewe huwezi kuzipakua mpaka ulipie leseni. Akaenda mahakamani. Agosti 2023 Mahakama ya Juu ya Chile ikampa ushindi, ikaamuru data zake zifutwe na kifaa kichunguzwe na mamlaka ya afya na watu wa forodha. Nilicheka peke yangu. Seneta mzima, na CD yake haifunguki.

Marekani nako Colorado ilipitisha Aprili 2024 kwamba data za neva ni data nyeti, California ikafuata Septemba mwaka huo huo. UNESCO ikapitisha mwongozo wake Novemba 2025. Ni hatua nzuri, sizibezi, ila ukizisoma zote karibu zinamfikiria mtu mwenye kibandiko kichwani amekinunua dukani. Mtu wa huku kwetu atakutana na hizi teknolojia kwa njia nyingine, atakutana nazo kama mgonjwa wa bure au kama mshiriki wa utafiti. Na hapo sisi tuna historia.

Wakenya wengi nimegundua hawaijui, hata madaktari. Miaka ya 1930 pale Nairobi kulikuwa na daktari wa maabara ya serikali, F. W. Vint, alikuwa akikusanya bongo za wanaume Waafrika waliokufa hospitalini. Anazipima uzito, anazikata vipande, anapima unene wa gamba la nje la ubongo kwa darubini. Mwaka 1934 akachapisha Uingereza kwenye jarida la wanaanatomia. Jibu lake, ubongo wa Mwafrika wa Kenya ni mwepesi kuliko wa Mzungu kwa asilimia 10 hivi, na gamba ni jembamba kwa karibu asilimia 15. Mwenzake H. L. Gordon, aliyekuwa daktari pale Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, akazichukua hizo namba akazifanya hoja ya kisiasa. Kwamba huyu mtu ukimsomesha sana unamuumiza, ubongo wake hauna nafasi. Gordon na wenzake walianzisha hata chama cha kuboresha kizazi, 1933, walowezi wakajiunga, wakaiomba London pesa za utafiti mkubwa zaidi. London ikawanyima, na kulikuwa na wanasayansi Uingereza kule kule waliosema hizo hesabu hazisimami, mtu aliyekula vibaya tangu tumboni mwa mama yake utamlinganishaje na aliyeshiba.

Mi huwa sikasirishwi sana na zile asilimia, zimeshakufa. Ninachokirudia ni zile bongo zenyewe. Wale wanaume walikuwa kina nani? Mtu amekuja Nairobi kutafuta kazi, ameugua nimonia, amekufa wodini, watu wake wako Nyanza au Ukambani wanasubiri habari. Nani alimuuliza mkewe? Kwenye makala ile yeye ni gramu.

Halafu akaja J. C. Carothers. Aliingia Kenya 1929 kama daktari wa kawaida wa serikali, 1938 akakabidhiwa Mathari bila kuwa amesomea magonjwa ya akili, akakaa mpaka 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani, ndio, hilo hilo, likamchapishia kitabu juu ya akili ya Mwafrika. Ndani yake anasema Mwafrika anafanana sana na Mzungu aliyefanyiwa ule upasuaji wa kukata mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Kumbuka wakati huo upasuaji huo ulikuwa na heshima, Mreno aliyeuanzisha, Egas Moniz, alipewa Nobel 1949, leo tunaona ni moja ya aibu kubwa za udaktari. Na 1954 serikali ya kikoloni ikamwita Carothers awaeleze Mau Mau, akaandika kijitabu kinachowaeleza wapiganaji kwa saikolojia yao, watu waliochanganyikiwa katikati ya dunia mbili. Suala la ardhi likabaki pembeni. Rahisi hivyo. Mtu anadai shamba lake, unamjibu kwa kumuangalia kichwa.

Ndio maana wazee wa Pwani huwa siwacheki wakiona gari la utafiti wakataja mumiani. Stori za mumiani, watu wanaokuchukua damu usiku ikatengenezwe dawa, nimekua nazo, bibi yangu alizitumia kutuingiza ndani kabla ya magharibi. Kama hadithi ni uongo. Kama kumbukumbu ya namna watu walivyochukuliwa vitu vya miilini mwao bila kuelezwa, mh. Na watu wa KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, pale Kilifi, ambao wako tangu 1989 na wamefanya kazi kubwa sana ya kifafa, walilijua hilo mapema. Wao ndio walioonyesha kwamba wagonjwa wengi wa kifafa vijijini hawako kwenye dawa kabisa, wengine wanapelekwa kwa waganga kwanza kwa sababu degedege la mtoto watu wanasema ni nyuni, pepo la ndege. Wakaona huwezi kumchomeka mtu waya kichwani kwa fomu tu. Wana wawakilishi wanaochaguliwa na vijiji wenyewe, wana vijana wa huko huko wanaoeleza kwa Kigiriama na Kiswahili, kuna mikutano chini ya mwembe ambayo mtu anaweza kusimama akauliza hizo picha za kichwa cha mwanangu zinaenda Uingereza kufanya nini. Sisemi hawana kasoro. Nasema inawezekana, kwa hivyo mtu asiniambie watu wa vijijini hawawezi kuelewa.

Tofauti yake tuliiona 2023. Worldcoin, wale wa mradi wa sarafu za kidijitali, walipokuja Nairobi na lile dude lao la kumulika mboni ya jicho, watu walipanga foleni KICC mpaka serikali ikasimamisha mwezi Agosti. Walikuwa wanapewa sarafu za kidijitali za kama shilingi 7,000. Zaidi ya Wakenya 350,000 walishamulikwa. Ni Mei 2025 ndipo Mahakama Kuu ikaamua ile ridhaa ilipatikana visivyo na data zifutwe. Ridhaa ya mtu mwenye njaa mbele ya shilingi elfu saba, hiyo tuijadili siku nyingine. Lakini nauliza, kesho wakija na kofia nyepesi badala ya ile duara, wakasema vaa dakika kumi uangalie video, tutakosa watu wa kupanga foleni? Mi mwenyewe mwisho wa mwezi sijiamini.

Na shuleni je. Mwaka 2019 huko Jinhua, China, shule moja ya msingi iliwavisha watoto vibandiko vya kichwa vya kampuni ya BrainCo, taa iko kwenye paji la uso. Nyekundu mtoto amemakinika, bluu mawazo yako nje. Mwalimu anaona kwenye kompyuta yake, na wazazi wanatumiwa alama za watoto kwenye grupu la simu. Watu wakalalamika, serikali ikasimamisha. Taa za rangi tena, unaona? Kwa yule mama wa Melbourne taa ilikuwa mkononi mwake, anaiona yeye, anaamua yeye. Hapa taa iko usoni, anaiona kila mtu isipokuwa aliyeivaa. Kama mko kwenye grupu la wazazi la WhatsApp mnajua nasema nini, hivi tu mwalimu akibandika matokeo ya mtihani wa wiki mtoto wa mtu anachapwa kabla ya chakula cha jioni.

Mpwa wangu dawa zake anazomeza asubuhi zinamfanya azubae kipindi cha kwanza na cha pili. Angewaka bluu kila siku. Nani angemuelewa?

Sasa ninataka nini. Sheria ya data tunayo Kenya tangu 2019, Tanzania wanayo yao ya 2022, zote mbili zinalinda taarifa za afya. Rekodi ya ubongo inayopimwa hospitalini nadhani inaingia humo bila shida. Ile ya kofia ya kuchezea gemu au ya kazini hapo ndio mwanasheria wa kampuni atakapotabasamu, kwa hivyo ningependa itajwe kwa jina, kama Chile walivyofanya, tusisubiri kesi. Mgonjwa apewe rekodi yake kwenye faili linalofunguka popote. Fomu iwe na mahali pa kukataa utafiti bila kukataliwa matibabu, na iwe kwa lugha mgonjwa anayoongea nyumbani.

Hizo ni ndogo. Kubwa ni ya vifaa vya kupandikiza, na vitakuja, maana wagonjwa wa kifafa tunao wengi na gharama za majaribio huku ni nafuu. Azimio la Helsinki, lile la madaktari wa dunia nzima kuhusu utafiti kwa binadamu, linasema kabla jaribio halijaanza mipango ya baada ya jaribio iwe imeshawekwa kwa wale ambao bado watahitaji kile kilichowafaa. Limeandikwa vizuri. Ila mipango ni neno tu mpaka lipewe akaunti ya benki. Mi ningetaka kamati zetu za maadili, na NACOSTI wanaotoa leseni za utafiti, zikatae kabisa ombi lolote la kupandikiza kitu ubongoni mpaka pesa ziwe zimewekwa hapa nchini, zimefungwa, za betri, za matengenezo, za kukitoa kwa anayetaka kitolewe, kwa miaka kumi au zaidi hata kampuni ikifa. Na michoro ya kifaa na programu yake iachwe kwa chuo kikuu cha hapa, kampuni ikizima taa mainjinia wetu wawe na pa kuanzia.

Nilimsomea mpwa wangu hii sehemu ya mwisho kabla sijaiposti. Akasema, "Mjomba, kwa masharti hayo hawatakuja." Ati bora waje vibaya kuliko wasije kabisa. Mama yake akamwambia anyamaze, akanigeukia mimi akasema mtoto ana pointi. Tumebishana mpaka chai ikapoa, na ninapoandika hivi wao wawili wako upande mmoja na mi niko peke yangu, na bado masharti siyapunguzi.